Beki wa Mechi 1,117

Bryan Helmer alicheza mechi 1,117 za msimu wa kawaida katika AHL, ligi ya pili kwa hadhi katika hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, na mechi 146 katika NHL, ambayo ndiyo ligi kuu. Kila ninapomsimulia mtu habari zake, namwona akibadilika uso anapoisikia namba ya pili. Anaguna kwa huruma, kana kwamba nimemweleza habari za msafiri aliyefika stesheni na kukuta treni imeshaondoka. Ninaandika makala haya kwa sababu huruma hiyo inaniuma. Tunamzungumzia beki ambaye hakuna beki mwenzake aliyemfikia kwa pointi, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, katika historia ya ligi iliyoanza mwaka 1936, aliyenyanyua kombe la ligi hiyo mara tatu, na aliyeishi kwa kazi aliyoipenda misimu 19 mfululizo. Nataka kuisimulia kazi yake kama kazi iliyo kamili, si kama kipande kilichobaki cha kazi nyingine aliyoikosa.

Mimi nimezaliwa Tanga, na ujanani nilicheza beki wa kati katika timu ya mtaa iliyokuwa ikihangaika kwenye ligi ya wilaya. Jumamosi tulipanda nyuma ya gari la mizigo, jezi zimo kwenye mfuko mmoja wa salfeti, tukaenda kucheza Muheza au Pangani na kurudi usiku tukiwa tumejaa vumbi. Mshambuliaji wetu alijulikana sokoni, akipewa machungwa ya bure. Mimi nilijulikana wiki ile niliyojifunga. Ninayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nimwelewe Helmer kabla sijaielewa hoki yenyewe. Nilipohamia Pennsylvania mwaka 2016 na kuajiriwa zamu ya usiku katika ghala karibu na Harrisburg, mzee mmoja tuliyekuwa tukipakia naye malori aliniuliza kama nimewahi kucheza mchezo wowote. Nilipomjibu kwamba nilikuwa beki, alitua boksi alilolishika, akasema kwamba ni lazima twende Hershey.

Hershey ni mji mdogo uliojengwa na mtengenezaji wa chokoleti, na mpaka leo taa za barabara yake kuu zimetengenezwa kwa umbo la pipi za kiwanda hicho. Timu yake, Hershey Bears, imo katika AHL tangu mwaka 1938, na hakuna timu iliyotwaa Kombe la Calder, ambalo ndilo kombe la ligi hiyo, mara nyingi kuliko wao. Uwanja wao wa sasa, Giant Center, ulifunguliwa mwaka 2002 na unaingiza watu zaidi ya 10,000, ambao kwa usiku mwingi wa majira ya baridi hujaa kweli. Watu huja na wajukuu wao, na wengine hukaa kwenye viti vilevile walivyokuwa wakikaa wazazi wao, ila tu kwamba wazazi walikaa kwenye uwanja wa zamani ulio jirani, ule ambamo Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 za mpira wa kikapu mwaka 1962.

Mzee yule alinikataza kuifuata paki. Paki ni kile kisahani cha mpira mgumu, chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kiteleze bila kurukaruka. Aliniambia nimchague beki mmoja nimtazame yeye tu kwa dakika kumi, na ndivyo nilivyofanya. Timu pinzani iliisukuma paki mpaka kwenye kona ya nyuma ya uwanja wa Hershey, na beki wangu akageuka kuifuata huku mshambuliaji mmoja akimjia kwa kasi kutoka nyuma. Kabla hajaifikia aligeuza shingo na kutazama nyuma ya bega la kulia, kisha la kushoto, haraka kama mtu anayevuka barabara ya Chalinze usiku. Kwa mitazamo hiyo miwili alikuwa ameshajua adui yuko umbali gani, mwenzake amesimama wapi, na kipa ameacha upenyo wa upande gani. Alipoigusa paki alijifanya anakwenda kulia, akaipitisha nyuma ya goli upande wa kushoto kwa mguso mmoja mdogo wa gongo, na wakati huohuo akapigwa kumbo la kumbamiza ukutani hadi kioo kikatetemeka mbele yetu. Alipoinuka, paki ilikuwa imeshavuka mstari wa kati mikononi mwa wenzake. Hakuna aliyepiga makofi, isipokuwa mzee aliyekuwa pembeni yangu.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo, ikirudiwa mara nyingi kila usiku. Timu huvalisha mabeki sita, nao hucheza wawili wawili, kila jozi ikiingia barafuni kwa sekunde arobaini au hamsini hivi na kutoka ikihema. Beki huteleza kinyumenyume huku mshambuliaji akimjia uso kwa uso, na lazima aupime umbali kati yao kwa urefu wa gongo lake: akikaribia mno anapitwa, na akirudi mno anampa mshambuliaji nafasi ya kupiga shuti. Shuti likipigwa, kazi yake mara nyingi ni kulizuia kwa mwili, akipiga goti na kuweka mguu au mbavu mbele ya kisahani kinachokuja kwa kasi ya gari lililo kwenye barabara kuu. Halafu kuna upande wa pili wa ubeki, ambao ndio uliompatia Helmer jina, yaani kuyaanzisha mashambulizi kutoka nyuma, kusimama kwenye mstari wa buluu, ule unaotenga eneo la wapinzani, timu yake inapokuwa na mchezaji mmoja zaidi, na kuigawa paki kama mtu anayegawa karata anazozijua.

Helmer alizaliwa tarehe 15 Julai 1972 huko Sault Ste. Marie, mji wa Ontario nchini Kanada ambao umetoa wachezaji wengi mashuhuri kuliko ukubwa wake. Kila mwaka timu za NHL hukusanyika na kuchagua vijana kwa zamu, na miaka ile zilikuwa zikichagua zaidi ya vijana 200 kwa mkupuo. Yeye hakuchaguliwa na timu hata moja. Aliingia kwenye kazi hii kwa mlango wa nyuma mwaka 1993, akiwa mchezaji huru, katika timu ya Albany River Rats ya jimbo la New York, iliyokuwa ikiwalea wachezaji wa New Jersey Devils. Mwaka 1995 Devils walitwaa Kombe la Stanley, lile la NHL, na msimu huohuo Albany wakatwaa Kombe la Calder, wakiifunga Fredericton mechi nne kwa bila katika fainali. Helmer alikuwa na miaka 22. Ungedhani kwamba kutoka hapo njia ilikuwa moja tu, ya kupanda. Alibaki Albany misimu mingine mitatu, na wala hakucheza mechi hata moja ya NHL kwa New Jersey. Timu iliyo bingwa wa juu huwa na mabeki wake, na beki wa chini, hata akiwa hodari namna gani, hungoja mtu aumie.

Inafaa niueleze kidogo mfumo huu, maana bila kuuelewa mtu hawezi kuyaelewa maisha ya beki wa ligi ya chini. Kila timu ya NHL ina timu yake ya AHL, na chini ya hapo ipo ECHL, iliyoanzishwa mwaka 1988, ambako mishahara huhesabiwa kwa wiki. Wachezaji wengi wa AHL husaini mkataba wenye mishahara miwili ndani yake: mmoja wa siku atakazokuwa juu, na mwingine wa siku atakazokuwa chini. Si ajabu wa juu ukawa mara nane au kumi ya ule wa chini, na kila siku huhesabiwa peke yake. Simu hulia asubuhi, mtu anaambiwa kwamba leo usiku atacheza katika mji ulioko umbali wa saa tatu za ndege, naye anaondoka na begi moja huku mke akibaki na watoto na nyumba ya kupanga. Wiki mbili baadaye beki aliyeumia amepona, na simu inalia tena.

Msimu wa 1998–99 unatosha kuonyesha maana yake. Helmer alikuwa na miaka 26 na ndipo hatimaye alipoigusa barafu ya NHL, akiwa na Phoenix, mechi 11. Msimu huohuo alicheza pia Las Vegas katika ligi nyingine iliyoitwa IHL, kisha akahamia St. Louis ambako alicheza mechi 29 za NHL, na Worcester, jimbo la Massachusetts, katika AHL. Ni timu nne, ligi tatu, na miji iliyotawanyika kutoka jangwani mpaka karibu na Bahari ya Atlantiki, vyote kati ya Oktoba na masika. Kila alikofika alipaswa kujifunza ishara za kocha mpya, mazoea ya kipa mpya na, zaidi ya yote, mwendo wa beki mwenza mpya, kwa sababu jozi ya mabeki hufanya kazi kwa kujuana. Niliwahi kubadilishiwa beki mwenza mara moja tu pale Tanga, na ilituchukua mwezi mzima kuacha kukimbilia mpira mmoja sote wawili. Ninapofikiria mwaka ule wa Helmer, kinachonistaajabisha si uchovu wa safari, bali ni kwamba aliweza kucheza vizuri kiasi cha kuendelea kuitwa.

Msimu wake mkubwa wa juu ulikuwa 2001–02, alipocheza mechi 40 kwa Vancouver Canucks, karibu nusu ya msimu mzima. Msimu uliofuata alipata mbili tu huko, muda uliobaki akiwa Manitoba, katika AHL. Alirudi Phoenix mwaka 2003–04 kwa mechi 17, na wakati mwingine akawa Springfield. Kisha, mwaka 2004–05, wamiliki wa timu na wachezaji wa NHL waligombana kuhusu mishahara mpaka msimu wote ukafutwa, na vijana wengi waliokuwa na nafasi juu wakashushwa AHL, wakiujaza uwanja ambao tayari ulikuwa na ushindani mkali. Helmer alikuwa Grand Rapids, Michigan. Akakaa huko misimu miwili, kisha San Antonio, Texas, miwili mingine. Miaka minne ilipita bila mechi moja ya NHL, na katika miaka hiyo alivuka umri wa 35.

Hapa kuna kanuni ambayo mashabiki wengi hawaijui, nami naiona kuwa kiini cha jambo zima. AHL ni ligi ya kulea. Kati ya wachezaji 18 wa ndani ambao timu huwavalisha kila usiku, mbali na makipa, wasiopungua 13 lazima wawe wale wanaohesabiwa kuwa bado wanakua: 12 wasizidi mechi 260 za kulipwa katika ligi za juu, na mmoja asizidi 320. Kwa hiyo kwa wakongwe zinabaki nafasi tano, kwa mabeki na washambuliaji kwa pamoja. Helmer alikuwa ameipita mechi ya 260 tangu miaka ya tisini. Kuanzia hapo, kila msimu, katika kila timu, ilibidi awe mmoja wa wakongwe wachache ambao kocha hangeweza kuishi bila wao, na hilo alilifanya kwa zaidi ya miaka kumi. Yule anayemwonea huruma kwa kushindwa kubaki juu hajafikiria ilivyo vigumu kubaki pale alipobaki.

Na kazi ya mkongwe wa namna hiyo haiishii kwenye mchezo wake mwenyewe. Huwekwa kando ya kijana wa miaka ishirini aliyechaguliwa raundi ya kwanza, mwenye mkataba mkubwa na miguu myepesi, ambaye hajajua bado kwamba paki haikimbiliwi kabla ya kutazama mabega mawili. Mkongwe anamfundisha kwa kucheza naye: anamwachia nafasi, anaziba kosa lake, na wakirudi benchi anamwonyesha kwa kidole kwenye glavu alipopaswa kusimama. Mwaka mmoja au miwili baadaye kijana anaitwa juu na harudi. Karibu asilimia tisini ya wachezaji wa NHL wamepitia AHL, na mtu ambaye amecheza humo miaka mingi hivyo amekuwa mwalimu wa watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka.

Mwaka 2008 alikuja Hershey, na watu wa huku wanapoizungumzia miaka miwili iliyofuata, hawahitaji kukumbushwa. Akiwa na miaka 36, aliitwa juu kwa mechi 12 na Washington Capitals, timu ya NHL ambayo wachezaji wake hulelewa Hershey. Jaribu kulipima hilo: mtu ambaye hakuitwa tangu msimu wa 2003–04, ambaye wenzake wa rika wengi walikuwa wameshastaafu, anaambiwa avae tena jezi ya ligi kuu. Mzee wa ghalani husema kwamba alipozisikia habari hizo redioni alisimamisha gari pembeni ya barabara, akakaa kimya. Helmer alirudi chini, na masika ya 2009, akiwa nahodha, akaiongoza Hershey kuishinda Manitoba, timu yake ya zamani, katika fainali ya mechi sita. Kati ya kombe lake la kwanza na hili la pili ilikuwa imepita miaka 14. Msimu uliofuata Hershey walishinda mechi 60 kati ya 80, idadi ambayo hakuna timu ya AHL iliyokuwa imewahi kuifikia, wakashinda 24 mfululizo nyumbani, na katika fainali wakaifunga Texas Stars, nayo pia kwa mechi sita. Kombe la tatu alilipokea akiwa na miaka 37.

Nikiisimulia habari hii kwa Waswahili wenzangu wa huku, wapo wanaoniuliza hoki inatuhusu nini sisi. Huwa nawatajia jina la Oduya. Johnny Oduya, beki, alizaliwa Stockholm kwa baba mwenye asili ya Kenya, akachaguliwa na Washington mwaka 2001 katika raundi ya saba, akaingia NHL mwaka 2006 na kutwaa Kombe la Stanley akiwa na Chicago mwaka 2013 na 2015. Huyo wengi wamemsikia. Wachache wanajua kwamba kaka yake mkubwa, Fredrik, naye alikuwa beki, na kwamba ndiye aliyetangulia kuvuka bahari: San Jose walimchagua mwaka 1993, akacheza kwenye ligi za chini za Marekani, na hakuwahi kupata mechi hata moja ya NHL. Alifariki Novemba 2011. Sijui kama kuna nyumba nyingine ambamo ndugu wawili wa kazi moja waliugawana hivi ubeki, mmoja juu na mmoja chini. Ninalolijua ni kwamba kaka ndiye mtu wa kwanza ambaye mdogo humwona akifunga kamba za viatu, na sioni kwa nini habari za familia ile zianze na kuishia kwa yule aliyeshika kombe.

Helmer alimalizia Oklahoma City, misimu miwili, na akastaafu mwaka 2012, mwaka aliotimiza miaka 40. Hesabu yake ya AHL ilifungwa ikiwa na mabao 129 na pasi za mabao 435, jumla pointi 564. Mwaka 2017 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa ligi hiyo. Wakati huo alikuwa ameshahamia tena Hershey, safari hii akiwa kiongozi wa shughuli za hoki za klabu, yaani mmoja wa watu wanaoamua ni wakongwe gani wapewe zile nafasi chache zilizoruhusiwa. Nadhani kuna watu wachache duniani wanaoweza kumtazama beki wa miaka 33 asiye na mkataba na kujua, kwa kumwona akigeuza shingo tu, kama bado ana misimu miwili ndani yake.

Msimu uliopita, baada ya mechi ya Ijumaa, nilichelewa kutoka Giant Center kwa sababu mwanangu alikuwa amepoteza kofia na tulirudi kuitafuta. Tulipotoka kupitia upande wa nyuma, basi la timu ya wageni lilikuwa likinguruma kwenye baridi, milango ya mizigo iko wazi, na wachezaji wakiyarusha mabegi ndani mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa beki mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, ambaye nilimtambua kwa sababu alikuwa amezuia mashuti mawili kipindi cha tatu. Alikuwa amefungwa mfuko wa barafu juu ya goti kwa nailoni, suruali imekatwa upande mmoja ili barafu ikae vizuri, na mkononi ameshika sahani ya karatasi ya wali na kuku iliyofunikwa. Mwanangu alimpungia mkono. Yule beki aliihamishia sahani mkono wa kushoto, akampungia na yeye, akapanda ngazi za basi kwa mguu mmoja mmoja. Kesho yake saa moja jioni walikuwa na mechi nyingine, na keshokutwa nyingine.